Tunamsitiri Nani?

Kizingitini, kisiwani Pate, ni mji wa nyumba zilizoegemeana. Ukikaanga samaki, jirani wa tatu ajua ni changu au ni tasi. Mtoto akilia usiku, asubuhi hukosi mtu wa kukuuliza, "Yule mtoto alikuwa na nini jana?" Nimelelewa na ujirani huo na naupenda. Baba akiwa baharini, sisi tulikula katika nyumba tatu na hakuna aliyetuhesabia matonge. Ila kuna jambo moja ambalo likitokea, ujirani huohuo huwa mzito kama jiwe la kusagia. Halisemwi. Na likilazimika kusemwa, husemwa kwa neno moja la kulifunga: sitara.

"Tumsitirini mtoto."

Nimeisikia kauli hiyo ikitoka kwa watu wazima ninaowaheshimu, kwa sauti ya chini, na kwa nia ninayoamini ilikuwa njema. Binti amebakwa, au mvulana amelawitiwa na mtu aliyekuwa akiaminiwa. Wazee wa pande mbili wamekaa, kahawa imepita, na neno hilo latua katikati yao. Mabega hushuka. Kila mtu huona sasa imepatikana njia ya kutokea.

Visa nilivyovijua sitavisimulia. Vina wenyewe, na katika mji kama wetu hata ukificha jina, ukataja kisima tu au rangi ya mlango, umeshamtaja mtu. Ninalotaka kulisema ni la hilo neno lenyewe, kwa kuwa nimeishi nalo miaka mingi, nikalitumia na mimi, hadi nikafika mahali nikaona tumelishika kinyume.

Sitara ni katika mambo mazuri kabisa tuliyorithi. Maiti twamsitiri kwa sanda na kwa mikono ya watu wake. Mwenye dhiki akija kukopa unga, humpi mbele ya watoto. Mtu aliyeteleza akatubu, humtangazi. Katika hayo yote kuna mtu ambaye angefedheheka lau pazia lingefunguliwa, nasi twalishika pazia kwa ajili yake. Sasa katika ubakaji, mwenye kufedheheka ni nani? Mtoto aliyegongwa na bodaboda akavunjika mguu hana aibu ya kufunikwa. Ana mguu uliovunjika, na watu hukimbia naye hospitali bila kiatu. Aliyebakwa naye ameumizwa. Aibu ipo, na ni kubwa, lakini si yake. Ni ya aliyetenda.

Ukitaka kujua shuka lilimfunika nani, ngoja mwaka upite, kisha utazame. Yule mwanamume yupo barazani. Mashua yake hutoka na kurudi, watu humpa mkono, akifiwa twaenda kumzika. Binti ndiye asiyeonekana. Ametolewa shule. Amepelekwa kwa shangazi Mombasa au Malindi, yasemwa amekwenda kubadili hewa. Au ameozwa haraka kwa mtu wa mbali, na walioambiwa sababu ni wawili watatu. Mtu aliyesitiriwa hukaa kwao akiwa na amani. Huyu amehamishwa kama kwamba ndiye mwenye kosa.

Wakunga wetu husema mficha uchi hazai. Hawayasemi hayo kumvunjia mtu heshima. Wanajua kuna saa ambayo haya huua, na ambayo kumfunua mtu mbele ya anayejua kutibu ndiko kumhifadhi.

Njia ya wazee ina jina, yaitwa maslaha, na mimi si katika wanaoidharau. Nimeona ugomvi wa nyavu zilizokatwa, wa mipaka ya minazi, wa mahari yasiyolipwa, ukamalizwa kwa kikao kimoja baada ya alasiri, ambapo mahakama ingechukua miaka. Wanaogombana wote wawili wapo, kila mmoja ana ulimi, na wakiinuka wamepatana wao. Katika jambo hili aliyeumizwa hayumo kikaoni. Yuko chumba cha nyuma, amefunikwa leso, asikia kunong'ona. Anayeombwa radhi ni baba. Anayepewa fedha ni baba au ami. Tumepatanisha nyumba mbili juu ya mgongo wa mtoto.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ambayo Njoki Ndung'u aliifikisha Bungeni akiwa mbunge wa kuteuliwa, ina kifungu cha 40 ambacho laiti kingejulikana katika kila baraza la kisiwa cha Pate. Chasema kwamba uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya makosa haya si wa polisi. Uliwekwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na mamlaka hayo ya mashtaka sasa yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Basi baba hawezi kuiondoa kesi, wala chifu, wala mkuu wa kituo. Wengi wetu twaiona kesi kama deni: ni langu, naweza kulisamehe. Hili si deni la mtu mmoja. Na mimi nakiona kifungu hicho kuwa ni rehema kwa baba mwenyewe. Akijiwa usiku na wajumbe, na miongoni mwao yumo mwenye mashua anayoivulia, ana jawabu lisilovunja ujirani: "Ndugu zangu, hili haliko tena mkononi mwangu."

Huulizwa pia, nani aliyeona? Na hapo wapo wanaotaja mashahidi wanne. Nasema hili kwa tahadhari, kwa kuwa mimi si mwanachuoni, lakini kila aliyesoma Surat an-Nur ajua wale wanne walitajwa kwa nani. Walitakiwa kwa mwenye kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi kwamba amezini, na asiyewaleta aliwekewa fimbo 80. Ni ukuta uliojengwa kuwalinda wanawake na ndimi za watu. Kuuchukua ukuta huo ukamfungia ndani mwanamke aliyeshambuliwa ni kuupindua juu chini. Kwa upande wa mahakama zetu, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi chamruhusu hakimu katika makosa ya kingono kuyategemea maneno ya aliyeumizwa peke yake, akiridhika kwamba asema kweli na akaziandika sababu zake.

Lakini mafunzo makubwa zaidi mimi nayaona kwa Nabii Yusuf, na nashangaa kwa nini sikuwahi kuambiwa hivi nilipokuwa chuoni. Tulifundishwa uzuri wake na subira yake. Tutazame na haya mengine. Kijana yuko katika nyumba ya watu, hana baba wala ndugu wa kumtetea. Mwanamke mwenye mamlaka juu yake amfungia milango. Akimbia, nguo yake yachanika kwa nyuma, na mlangoni akutana na bwana wa nyumba. Anayetangulia kusema ni mkosaji, naye amsingizia aliyemkimbia. Atokea shahidi katika jamaa za yule mwanamke, asema tazameni kanzu: ikiwa imechanika mbele, mwanamke ni mkweli; ikiwa imechanika nyuma, kijana ndiye mkweli. Kanzu yatoa hukumu. Bwana wa nyumba akaona kwa macho yake kwamba kijana ni mkweli, kisha akamwambia aliache jambo hilo lipite. Hayo ndiyo maslaha. Nyumba imelinda jina lake. Halikumalizika lakini; wanawake wa mji walinong'ona, na baada ya dalili zote kuonekana, aliyetiwa gerezani ni Yusuf.

Ikapita miaka. Mfalme alipoagiza atolewe, Yusuf hakutoka. Alimrudisha mjumbe aende akaulize kwanza habari ya wale wanawake. Mtu mwenye subira kuliko sisi sote, mlango wa gereza uko wazi, na bado alitaka ukweli usemwe na wahusika wenyewe mbele ya mfalme kabla hajapiga hatua. Hakuwa na kisasi. Baadaye aliwasamehe hata ndugu zake waliomtupa kisimani. Alichokataa ni kutoka akiwa na doa ambalo si lake. Nikiambiwa kwamba binti anayetaka kwenda mahakamani hana subira, humkumbuka Yusuf mlangoni mwa gereza.

Na ile kanzu. Nguo za walioumizwa leo nazo husema, ila sisi huziroweka. Jambo la kwanza analofanya mama ni kumwogesha mtoto, kumfulia, kumpaka mafuta, na nani atamlaumu? Mikono yake haijui lugha nyingine ya mapenzi. Basi na aambiwe mapema, kabla haijatokea kwake, pale pale kliniki anapopeleka watoto kuchanjwa: asimwogeshe kwanza. Nguo azitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki huzivundisha zikaharibika. Aende hospitali, hata kama hajaamua lolote kuhusu polisi. Daktari hamtibu mtu kwa sababu ana kesi. Humtibu kwa sababu ameumia, na sheria hiyohiyo ya 2006, kifungu cha 35, imeweka matibabu hayo katika hospitali ya umma yawe kwa gharama ya serikali. Hospitali hujaza fomu yake ya huduma baada ya kubakwa, na fomu ya P3 ya polisi yaweza kufuata.

Kinachoumiza ni saa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianze ndani ya saa 72, na afadhali zaidi saa za mwanzo, kisha humezwa siku 28. Ya kuzuia mimba hufaa hadi saa 120, na nguvu yake hupungua kila saa ipitayo. Sasa zipigie hesabu saa hizo kwa kalenda yetu. Limetokea Ijumaa usiku. Jumamosi mama amwambia dada yake, dada amwambia mumewe. Jumapili wakaa wazee wa upande mmoja. Jumatatu wakutana wa pande mbili, na usiku wa siku hiyo saa 72 zimekwisha watu wakinywa kahawa. Hakuna mtu mbaya aliyeziiba. Zimeliwa na adabu.

Kisha kuna bahari. Kwenda Faza hospitalini ni bodaboda tu. Lakini likitakiwa la Lamu mjini, hospitali ya King Fahd au mahakama, ni kungoja boti, na boti yangoja maji. Maji yakipwa, hata mwenye haraka hukaa juu ya mchanga akiangalia. Kusi likivuma, kina mama wanaotapika njiani si mmoja. Na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, serikali ilipoweka amri ya kutotoka nje usiku Lamu, hata mgonjwa mahututi alikuwa na hofu mbili, ya ugonjwa na ya kukutwa baharini gizani. Kwa hiyo mtu wa bara akituambia "nendeni haraka," twamshukuru, lakini haraka yetu ina bamvua na maji mafu ndani yake. Ndiyo maana sisi hatuna saa za kupoteza barazani.

Narudi kwenye ujirani. Mvuvi akipotea, Kizingitini hakuna asiyejua la kufanya. Mashua hutoka bila kuitwa. Wanawake huingia nyumbani kwa mkewe, mmoja ashika watoto, mwengine ashika jiko, na wengi hukaa tu. Hawamuulizi mjane, "Kwa nini ulimwachilia aende na upepo ule?" Kukaa kule kimya, ubavuni mwa mtu, ni elimu kubwa tuliyonayo. Aliyebakwa hukosa matanga. Nyumba yake imefiwa na kitu, na hakuna anayekuja, kwa sababu kuja ni kukiri kwamba umesikia.

Mama yangu alikuwa akinieleza habari ya masomo wa zamani. Msichana alipobaleghe alikabidhiwa somo wake, mwanamke mzima asiyekuwa mama yake, aliyemfunza mwili wake na maisha ya ndoa, na ambaye angeweza kumwambia lile lisilosemeka kwa mama. Mama hulia, na mtoto humwonea huruma mama akanyamaza. Somo alikuwa sikio lililotengwa kwa kazi hiyo. Sitaki kuyapamba ya kale. Walikuwepo masomo waliofunza wasichana kuvumilia hata lisilovumilika. Lakini muundo ule ulikuwa na hekima: kila mtoto ana mtu mzima mmoja wa nje ya nyumba anayejulikana kuwa wake. Nesi wa zahanati aweza kuwa somo. Mwalimu wa madrasa wa kike aweza. Akiwepo, na akijua habari ya zile saa 72, na akajua kwamba namba 1195 ya manusura wa ukatili na 116 ya watoto hupigwa bila malipo, amemfaa mtoto kuliko hotuba kumi za siku ya sherehe.

Wavulana hawakuwa na somo wa namna hiyo, na hadi leo ndio walioachwa uwanjani. Utafiti wa kitaifa wa 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kiasi cha wasichana 16 katika kila 100, na wavulana 6 katika kila 100, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wale sita wako wapi kwetu? Wako kwenye mashua, wanajifunza kuzamia kamba, na wameambiwa mwanamume halii. Kijana aliyeharibikiwa na usingizi, anayepigana bila sababu, aliyeanza kutumia unga, pengine hakuna aliyewahi kukaa naye akamuuliza kwa upole na kungoja jawabu.

Baba wa aliyeumizwa naye ni majeruhi. Hasira yake naielewa mwilini mwangu. Lakini akishika panga, akaishia yeye rumande, mtoto atajifunza funzo moja lisilofutika: niliposema, nilimpoteza baba. Atajuta kusema. Mama huulizwa, "Ulikuwa wapi?" na swali hilo hubaki nyumbani kama moshi, likamtenganisha na mumewe, pengine na mtoto mwenyewe. Basi wazazi nao wanahitaji mtu wa kukaa nao, mshauri aliyefunzwa akipatikana, na asipopatikana, jamaa mmoja mwenye kifua. Mambo ya kumwambia aliyeumizwa hayazidi matatu: nakuamini, hukukosa, nitakwenda nawe. Mengine yote, hasa yale yanayoanza na "kwa nini", yangoje.

Afadhali pia tupunguze mara za kusimulia. Mtoto wa kwetu humwambia mama, kisha shangazi, kisha nesi, kisha daktari, kisha askari, kisha mwendesha mashtaka, kisha hakimu. Kila mara nguo huvuliwa upya. Unguja wameliona hilo: katika hospitali ya Mnazi Mmoja kuna kituo kiitwacho Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri nasaha hukaa pamoja ili mtu asizungushwe. Jina hilo nalipenda, halihitaji kuelezwa. Kisiwa chetu ni kidogo. Chumba kimoja chenye pazia na mlango unaofungika kingetosha. Na mtoto asidhani kwamba mahakamani lazima amtazame yule mtu usoni, kwa maana sheria yaruhusu shahidi dhaifu atoe ushahidi nyuma ya kizuizi, au kwa msaada wa msemaji wake.

Najua jawabu la wanaokata tamaa: polisi watafanya nini? Hawakosei kuuliza. Mnamo Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru, mbele ya Jaji J. A. Makau, iliamua kwamba polisi walivunja katiba kwa kupuuza malalamiko ya wasichana walionajisiwa.  Ila waliolipeleka jambo hilo mahakamani walikuwa watoto, na waliwezeshwa na watu wazima waliokataa kuliacha lipite. Majina yao hayakutangazwa. Kesi ilikwenda kwa herufi tu. Walisitiriwa, na haki ikasikika nchi nzima, na hakuna moja lililomzuia mwenzake.

Asubuhi moja nilikuwa nasafiri kwenda Lamu. Ilikuwa baada ya alfajiri, maji yalikuwa yanajaa, na botini alipanda mwanamke na binti wa miaka kama kumi na minne, wakiwa na bahasha ya kaki. Watu walijua, kama watu wa kwetu wanavyojua. Boti yote ikanyamaza, na ule unyamavu haukuwa mzuri. Macho yalikwenda baharini.

Bibi mmoja, mtu mzima sana, aliinuka kwa shida kutoka mahali pake pakavu karibu na nahodha, akaja kukaa upande wa mawimbi, baina ya binti na maji yaliyokuwa yakiruka. Alifungua leso moja kati ya mbili alizojifunga, akamfunika magoti. Hakuuliza kitu. Tulipofika mlango-bahari wa Mkanda alitoa mikate miwili ya mofa kwenye kikapu, akampa mmoja mama na mmoja binti, akasema wale mapema, kwa sababu mahakamani watu hukaa sana.